Mkono Ulikuwapo Tangu Mwanzo

Mwezi Desemba 1963, mpango mmoja wa bima ya afya wa jijini New York, Health Insurance Plan, ulianzisha utafiti ambao mpaka leo umebeba uzito wa karibu kila tangazo linalowahimiza wanawake wakapige picha ya matiti. Wanawake wapatao 62,000, wenye umri wa miaka 40 hadi 64, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliachwa liendelee na matibabu yake ya kawaida. La pili liliitwa kwa uchunguzi mara nne, mwaka hadi mwaka. Waliousimamia ni Sam Shapiro, mtakwimu, Louis Venet, daktari wa upasuaji, na Philip Strax, daktari wa eksirei ambaye mkewe alikuwa amefariki kwa saratani ya matiti akiwa na umri wa miaka 39. Miaka kumi baadaye, vifo vya saratani ya matiti katika kundi lililoitwa vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kwa utafiti wa aina hiyo kwamba kuitafuta saratani ya matiti kwa mtu asiye na dalili kunaweza kuokoa maisha, na sifa zote zikaenda kwa mashine. Lakini wanawake wale hawakupigwa picha tu. Kila aliyeitika mwito alikaguliwa pia matiti na makwapa kwa mkono wa daktari, na matokeo ya njia hizo mbili yaliandikwa kila moja peke yake. Kati ya saratani zilizonaswa katika vikao hivyo, karibu asilimia 45 zilinaswa na mkono peke yake, asilimia 33 na picha peke yake, na zilizobaki zilionekana kwa njia zote mbili. Mkono ungeondolewa, karibu nusu ya saratani hizo zingepita bila kuonekana siku ile.

Naanza na takwimu hizo kwa sababu swali la nini kinaweza kushika nafasi ya mamogramu, yaani picha hiyo ya eksirei ya matiti, huulizwa siku zote kana kwamba jibu lazima liwe chombo kingine: kamera ya joto, mawimbi ya sauti, kipimo cha damu, programu ya kompyuta. Afrika Mashariki tunaliuliza kwa uchungu zaidi, maana mashine za mamogramu ni ghali, nyingi ziko mijini, na madaktari wa kuzisoma picha zake ni wachache mno kuliko wanawake wanaozihitaji. Nchini Tanzania, tathmini ya huduma za matiti iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wagonjwa wapatao asilimia 80 hugunduliwa wakiwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne. Hoja yangu ni kwamba miaka zaidi ya 60 ya majaribio, ya waliofaulu na ya walioshindwa, inaelekeza mahali pamoja. Mbadala wenye ushahidi mzito kuliko yote kwa nchi isiyo na mashine za kutosha ni mkono uliofunzwa wa mhudumu wa afya, na thamani ya mkono huo inategemea kabisa kile kinachomngoja mwanamke baada ya kuambiwa kwamba ana uvimbe.

Haki itendeke kwanza kwa mamogramu yenyewe. Mwaka 1913 daktari wa upasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga eksirei matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa kwa wagonjwa, akalinganisha picha hizo na alichokiona kwa hadubini. Kazi yake haikuwafikia wagonjwa walio hai. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza kazini kwa kuwa Myahudi, mwaka 1938 wakamtia katika kambi ya Sachsenhausen, na bintiye, mchoraji Charlotte Salomon, wakamuua Auschwitz mwaka 1943. Historia ya tiba nayo ina watu wa kuombolezwa. Baadaye Raúl Leborgne wa Uruguay alionyesha kwamba titi likibanwa picha hutoka safi, na kwamba chembe ndogo sana za chokaa ndani ya titi zinaweza kuwa dalili ya saratani. Mwaka 1960 Robert Egan wa Houston alichapisha utaratibu wa kupiga picha ambao madaktari wengine waliweza kuufuata na kupata matokeo yaliyofanana na yake. Chembe hizo za chokaa ndizo siri ya nguvu ya mamogramu, kwa kuwa huonekana wakati ambapo hapajakuwa na uvimbe wowote, na kidole hakina cha kugusa. Na nguvu hiyo ilithibitishwa bila msaada wa mkono. Kuanzia mwaka 1977, László Tabár na wenzake waliwapiga picha wanawake wa majimbo ya Kopparberg na Östergötland nchini Sweden pasipo kuwakagua kwa mkono, na mwaka 1985 wakatangaza kwamba vifo vimepungua kwa asilimia 31. Anayesema mamogramu haina faida hasemi kweli. Ila faida hiyo ina gharama yake hata kwa matajiri: jopo huru lililoongozwa na Michael Marmot nchini Uingereza mwaka 2012 lilikadiria kwamba wanawake 10,000 wakiitwa kwa miaka 20 kuanzia umri wa miaka 50, vifo 43 vitazuiwa, na wanawake 129 watatibiwa saratani ambazo zisingewasumbua maisha yao yote.

Hofu ya madhara ya mashine yenyewe iliipa nguvu hamu ya vyombo vingine mapema kabisa. Mwaka 1976 John Bailar, mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, aliuliza hadharani kama mionzi ya mashine za wakati ule, iliyokuwa mikali kuliko ya sasa, haikuwa ikiwapa saratani baadhi ya wanawake waliokuja kuikwepa. Swali lilikuwa halali, na kimbilio lilikwisha kuwapo. Miaka 20 nyuma, Ray Lawson wa Montreal alikuwa ameripoti kwamba ngozi iliyo juu ya saratani ya titi huwa na joto kuliko ngozi ya kando yake. Wazo linavutia hata leo: kamera inayosoma joto haina mionzi, haigusi mwili, haibani, haiumizi. Kwa hiyo mpango mkubwa wa majaribio wa Marekani ulioanza mwaka 1973 katika vituo 29, ukahudumia wanawake zaidi ya 280,000, uliiweka picha ya joto bega kwa bega na mamogramu na mkono. Haikuchukua muda kugundulika kwamba kamera hiyo ilizikosa zaidi ya nusu ya saratani zilizokuwamo, huku ikiwatia hofu wanawake wengi wasio na ugonjwa, na ikaondolewa mpango ukiwa bado unaendelea. Mwaka 1982 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu itumike kama nyongeza tu. Hata hivyo, imeendelea kuuzwa kwa wanawake kama mbadala salama wa mamogramu, kiasi kwamba mamlaka hiyo imelazimika kutoa onyo tena na tena, mwaka 2011, 2017 na 2019. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu chombo kisicho na maumivu kinachompa mgonjwa jibu la uongo kina madhara kuliko kukosa chombo kabisa. Asiyepimwa anajua kwamba hajapimwa, na uvimbe ukimshtua ataenda hospitali. Aliyedanganywa na kamera atakaa nyumbani akiwa na amani.

Mbadala wa pili ulikuwa rahisi zaidi, na kuanguka kwake kuliwauma wengi. Tangu mwaka 1950, filamu ilipotengenezwa Marekani kuwafundisha wanawake kujikagua wenyewe, ujumbe ulienea dunia nzima kwamba mwanamke akijikagua kila mwezi atajiokoa. Uliaminiwa kwa miongo minne kabla haujapimwa ipasavyo. Kati ya mwaka 1989 na 1991, watafiti walioongozwa na David Thomas waliwaingiza katika utafiti wanawake 266,064 waliofanya kazi katika viwanda 519 vya nguo jijini Shanghai. Nusu yao walifundishwa kwa makini, wakajizoeza kwa kutumia matiti ya bandia yenye vivimbe, na kwa miaka mitano wakawa wanajikagua mbele ya wasimamizi kiwandani, pamoja na kukumbushwa mara kwa mara. Ni vigumu kufikiria mafunzo bora kuliko hayo kwa watu wengi kiasi hicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha vifo 135 katika kundi lililofundishwa na 131 katika kundi ambalo halikufundishwa. Tofauti pekee iliyoonekana ni kwamba waliofundishwa walipatikana na vivimbe visivyo saratani karibu mara mbili ya wenzao, na wengi wakapasuliwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa na madhara.

Hapa lazima pawe na tahadhari, kwa sababu utafiti wa Shanghai umetumiwa vibaya na watu waliodhani umewaambia wanawake wasijiguse. Wanawake wale wote, waliofundishwa na wasiofundishwa, waliishi katika jiji ambamo mwenye uvimbe alifika hospitali bila safari ndefu, na wengi wao walifika mapema. Kilichopimwa ni kama ratiba ya kila mwezi inaongeza kitu juu ya hapo. Mwanamke wa Sumbawanga au Kwale aliyegusa uvimbe wakati wa kuoga na kukaa nao mwaka mzima hakuhitaji ratiba ya kila mwezi. Alihitaji kujua kwamba uvimbe usiouma ndio wa kukimbilia zahanati, na kwamba zahanati itamsikiliza. Kumfundisha hilo ni wajibu, na kampeni za saratani ya matiti za mwezi Oktoba zinapolifanya zinastahili shukrani. Zinapoishia kwenye kumfundisha kuzungusha vidole huku zahanati ya kijijini kwake haina mtu aliyefunzwa kumkagua, zimemtwika yeye kazi ya mfumo mzima wa afya, na siku atakayochelewa atalaumiwa yeye.

Kuhusu mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, maneno yangu ni machache kwa kuwa ushahidi bado haujakamilika. John Wild na John Reid waliyatumia kuchunguza matiti huko Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo wazo hili nalo si jipya. Utafiti mkubwa wa Japani uliowahusisha wanawake wapatao 73,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 49, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mamogramu pamoja na ultrasaundi zilinasa asilimia 91 ya saratani, wakati mamogramu peke yake ilinasa asilimia 77. Hiyo ni habari njema kwa wanawake wa umri huo, ambao matiti yao huwa na tishu nzito zinazoificha saratani kwenye eksirei. Lakini vifo bado havijaonyeshwa kupungua, na ultrasaundi iliwarudisha kwa vipimo zaidi wanawake wengi wasio na ugonjwa. Kupima wanawake wote kwa ultrasaundi kunahitaji muda wa mtaalamu kwa kila titi, na mtaalamu huyo ndiye tuliyemkosa tangu mwanzo. Mahali pake pa uhakika kwetu ni hatua inayofuata: mkono ukishagundua uvimbe, ultrasaundi husaidia kujua kama ni maji au ni nyama, na huongoza sindano ya kuchukua kinyama. Hospitali nyingi za wilaya tayari zina mashine hiyo kwa ajili ya wajawazito, na kumfunza mtumiaji wake kuangalia uvimbe uliokwisha kujulikana mahali ulipo ni kazi nyepesi kuliko kumtaka apekue matiti ya wanawake wote wa wilaya.

Turudi kwenye mkono. Utafiti uliouweka mizanini na mamogramu moja kwa moja ulifanyika Kanada kuanzia mwaka 1980, chini ya Anthony Miller na Cornelia Baines. Sehemu yake moja iliwahusu wanawake 39,405 wenye umri wa miaka 50 hadi 59. Nusu yao walikaguliwa kwa mkono kila mwaka na kupigwa mamogramu. Nusu nyingine walikaguliwa kwa mkono tu. Ukaguzi huo haukuwa wa kugusa na kuondoka. Ulichukua dakika kadhaa, ulifuata mpangilio maalumu wa kupita kila sehemu ya titi na kwapa, na katika vituo vingi ulifanywa na wauguzi waliofunzwa kazi hiyo. Baada ya miaka 13, waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa 107 katika kundi lililopigwa picha na 105 katika kundi la mkono peke yake. Picha zilikuwa zimenasa saratani nyingi zaidi, tena ndogo zaidi, lakini hesabu ya vifo haikubadilika.

Utafiti huo umeshambuliwa kuliko wowote katika fani hii, na baadhi ya hoja za washambuliaji zina uzito. Wanasema picha za baadhi ya vituo zilikuwa hafifu, hasa miaka ya mwanzo, na kwamba kwa kuwa wanawake walikaguliwa kwa mkono kabla ya kugawanywa makundi, huenda waliokutwa na uvimbe walisukumwa kuelekea kundi la picha. Watafiti wenyewe wamelikana hilo la pili na ukaguzi wa kumbukumbu haukulithibitisha, ingawa mjadala haujazimika. Naomba msomaji aone kwamba hoja zote hizo zinahusu kama mamogramu ilitendewa haki. Hakuna hata moja inayoonyesha kwamba mkono ulifanya kazi mbaya. Tukikubali kwamba picha za Kanada zilikuwa hafifu, na kwamba mamogramu nzuri ingeongeza faida kiasi fulani, bado tunabaki na maelfu ya wanawake waliolindwa na wauguzi wenye mafunzo, katika nchi yenye matibabu mazuri, ambao hawakufa zaidi ya wenzao. Kasoro ya kweli ya utafiti ule, kwa haja yetu, ni nyingine: haukuwa na kundi la wasiokaguliwa kabisa. Ulionyesha kwamba mkono haukuachwa nyuma na picha, lakini haukuweza kuonyesha kwamba mkono unapita kutofanya chochote.

Jibu la hilo lilitoka Mumbai, na lilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 1998 Indraneel Mittra na wenzake wa Hospitali ya Tata Memorial waligawanya maeneo 20 ya walalahoi wa jiji hilo, kumi kwa kumi. Wanawake walikuwa 151,538, wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Katika maeneo kumi, wahudumu wa afya wanawake ambao si madaktari walifunzwa kukagua matiti, wakaenda mtaani na kumkagua kila aliyekubali, kila baada ya miaka miwili, mara nne. Katika maeneo mengine kumi wanawake walipewa elimu ya saratani mara moja, kisha pande zote mbili zikafuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Saratani za hatua ya tatu na ya nne zilikuwa asilimia 37 katika maeneo yaliyokaguliwa na asilimia 47 kwingineko. Kwa wanawake wote pamoja vifo vilipungua kwa asilimia 15, kiasi ambacho kwa kanuni za takwimu hakikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati. Kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vilipungua kwa karibu asilimia 30, na hapo takwimu zilikuwa thabiti. Ni kiwango kile kile cha New York, safari hii bila filamu na bila umeme.

Anayepinga atasema kwamba kuuchukua umri wa miaka 50 na kuendelea, baada ya jumla kutotoa jibu la uhakika, ni kuchagua matunda yaliyoiva. Ni pingamizi la haki, na mtu mwaminifu hawezi kulifukuza. Kinachonifanya nilipe uzito tokeo hilo ni kwamba halikusimama peke yake. Utafiti wa Kerala ulioanza mwaka 2006, kwa wanawake zaidi ya 115,000, ulionyesha katika matokeo yake ya awali kwamba saratani zilizopatikana mapema zilikuwa karibu asilimia 44 kwa waliokaguliwa na asilimia 25 kwa wasiokaguliwa. Aidha, majaribio ya mamogramu nayo, kwa miongo mingi, yameonyesha faida kubwa zaidi baada ya miaka 50 kuliko kabla yake. Mkono umefuata njia ile ile, na hilo lina maana kibaiolojia. Lipo hata hivyo pingamizi zito zaidi kwa Afrika Mashariki. Wagonjwa wetu wengi hawajafika miaka 50. Watu wetu wengi ni vijana, na kwa hao Mumbai haikuonyesha faida ya kuhesabika. Sitajaribu kulipunguza. Ninachosema ni kwamba mamogramu haiwafai hao zaidi, kwa kuwa ndio wenye matiti mazito ambayo eksirei huyasoma kwa shida. Mwanamke wa miaka 38 anaokolewa na mhudumu anayejua kukagua siku atakayokuja na uvimbe, asiyemwambia ni maziwa yameganda, na asiyempa vidonge vya kutuliza maumivu na kumwambia arudi mwezi ujao. Mafunzo ya mkono yanayomfaa mama wa miaka 55 asiye na dalili ndiyo hayo hayo yanayomfaa binti yake mwenye dalili.

Linalosemwa kwa hasira zaidi ni kwamba kusifia mkono ni kuwapangia maskini huduma ya daraja la chini, wakati wenye fedha wanaruka kwenda India au Ulaya kupigwa picha bora. Hasira hiyo naielewa na naiheshimu. Lakini tuangalie fedha zinakwenda wapi. Mashine ya mamogramu isiyo na msomaji wa picha, isiyo na fundi, na isiyo na maabara ya kuthibitisha kilichoonekana, haimpi maskini kitu ambacho tajiri anakipata. Inampa picha tu. Shirika la Afya Duniani, katika msimamo wake wa mwaka 2014 kuhusu mamogramu, lilikuwa wazi kwamba nchi zenye mifumo dhaifu ya afya zianze na utambuzi wa mapema kwa wenye dalili na matibabu ya haraka. Mwongozo wa Tanzania wa mwaka 2018 umefuata mwelekeo huo. Mkono hauzuii mamogramu kuja; unatayarisha mahali itakapofikia. Nchi yenye wauguzi wanaokagua, sindano za kinyama, na maabara inayotoa majibu kwa wakati, itaipokea mashine na kuitumia. Nchi isiyo na hivyo itaipokea na kuifungia chumbani.

Ushahidi mchungu wa jambo hilo uko Manila. Katikati ya miaka ya 1990, wauguzi na wakunga wa Ufilipino walifunzwa kukagua matiti, kama ilivyofanyika baadaye Mumbai, na walikagua wanawake zaidi ya laki moja. Waligundua vivimbe. Kisha, kati ya wanawake walioambiwa wana uvimbe, ni kama theluthi moja tu waliokamilisha vipimo vilivyofuata. Wengi walikataa, hata baada ya kufuatwa nyumbani. Utafiti ukasimamishwa. Mikono ya Manila haikuwa mibovu. Kilichokosekana ni imani ya wanawake kwamba mwisho wa njia ile kuna kupona, pamoja na nauli ya kuifuata. Anayeijua safari ya mgonjwa kutoka mikoa ya magharibi mwa Tanzania hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata tiba ya mionzi, hawezi kuwashangaa wanawake wa Manila. Kinyume na Manila, Rwanda ilipoanza kuwafunza wauguzi wa vituo vya afya na wahudumu wa jamii wilayani Burera, ilikuwa imekwisha kujenga kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012 ndani ya wilaya hiyo hiyo. Wanawake wenye matatizo ya matiti walifika kwa wingi, wengi wao bila saratani, na palikuwa na mahali pa kuwapima. Malengo ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2023 yanaifunga hesabu hii pamoja: zaidi ya asilimia 60 ya saratani zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uthibitisho ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. Mkono unaweza kulisaidia lengo la kwanza. Mawili yaliyobaki ni ya bajeti.

Limebaki la wauguzi wenyewe, ambao wamekwisha kuelemewa na kliniki za watoto, chanjo, uzazi wa mpango na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Kuwaongezea kazi kwa waraka tu ni kuwaonea. Mumbai, hata hivyo, ilitoa jibu ambalo halikuzungumzwa sana wakati matokeo ya matiti yalipotoka. Wahudumu wale wale, katika ziara zile zile, walikuwa pia wakipima mlango wa kizazi kwa kupaka siki na kuangalia kwa macho, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa asilimia 31. Kipimo cha siki tayari kinatolewa katika zahanati na vituo vya afya vingi vya Tanzania na Kenya. Mwanamke aliyekuja kwa kipimo hicho amekwisha kusafiri, amekwisha kungoja kwenye benchi, amekwisha kuvua nguo mbele ya muuguzi aliyefunzwa na mwenye daftari la rufaa mezani. Kumkagua matiti na makwapa kabla hajavaa ni dakika chache zaidi katika ziara ambayo gharama yake kubwa imekwisha kulipwa, na muuguzi huyo anaweza kufunzwa, kusimamiwa na kulipwa posho yake kwa fungu lile lile linalouendesha mpango wa mlango wa kizazi.